Msitu Usiouzwa Wote

Domitille alikuwa akirudi Lubumbashi kwa basi la Kasenga aliposikia watu wawili wakibishana nyuma yake. Kavira alikuwa mfanyabiashara wa mbao aliyekimbia vita Goma, akaacha dépôt yake nzima, ghala la mbao. Mzee Mwansa alisimamia pori la kijiji chake. Walikuwa wamejuana humo humo garini.

"Papa, uniuzishe miti yote ya mikula," Kavira alisema. "Mbao nyekundu zinatafutwa sana. Ukikataa, wezi watakuja kuikata."

"Wezi bakuye tu, batatukuta," Mwansa akajibu. "Shiye tunakata miti ya kuzeeka, mama. Midogo inabakia, na penye tulikata tunapanda. Majirani balikata yote. Leo mvua kwabo inachelewa, na mto yabo iko muchanga tu."

Domitille, mwenye gunia la makaa ya miti miguuni, akageuka kutazama dirishani.

"Mvua haitanirudishia dépôt yangu," Kavira akasema. "Nilipoteza kila kitu."

"Njo maana nakuambia. Ukinunua yote leo, kesho utatafuta pori ingine. Ukinunua kidogo kila mwaka, utazeekea huku."

Kavira akauliza: "Na nitajuaje hamutauzia mwingine?"

"Kuya utuone tukikata."

"Sijakubali, Papa."

"Nimesikia."

Basi likasimama mjini. Domitille aliposhuka na gunia lake, aliwaona kando ya barabara, bado wakibishana kwa mikono na vichwa, akasikia kuwa sasa ni kuhusu mti upi ukatwe kwanza.