Pini za Bibi Keike

Mheshimiwa Meya wa kijiji chetu cha Oldsum, Mchungaji, Mwenyekiti wa kikundi cha mavazi ya jadi, Bibi Keike Ketels tunayemuaga leo kazini, wazazi wangu, ndugu wageni mliovuka kutoka kisiwa jirani cha Amrum, na nyinyi majirani zangu wote, habari za mchana.

Naomba mniwie radhi nikisoma kwenye karatasi.

Kwa miaka arobaini na mmoja hakuna msichana wa kijiji hiki aliyeingia kanisani siku ya kipaimara chake bila kupita mikononi mwa Bibi Keike. Ni nani kati yenu, mama zangu, ambaye hakusimama sebuleni kwake tangu alfajiri, mikono ameitanua, huku shali ikikunjwa mabegani na mapambo ya fedha yakipangwa kifuani? Vazi letu hushikwa na pini, na hakuna awezaye kujivika mwenyewe. Kila msichana anahitaji mtu wa kumvika, na mtu huyo amekuwa mmoja tu.

Miaka mitatu nimekuwa nikimshikia bakuli la pini. Mnajua alivyokuwa akimwambia kila msichana. "Mama yako alipovikwa hapa alinuka vitunguu mpaka nikafungua madirisha yote." Au, "Yule kijana wa Utersum bado anapita kwenu na baiskeli mara nne kwa siku, au tairi limechoka?" Msichana anaangua kicheko, Bibi anachomeka pini. Nilidhani, nisamehe Bibi, kwamba ni maneno ya uzee tu.

Mwezi wa nne, asubuhi ya kipaimara, wasichana watano walikuwa wakingoja zamu. Bibi alipofika kwa Gondel Riewerts, pini zilianza kumdondoka. Alijaribu, akajaribu tena, vidole vikakataa kuzishika. Akaniambia, "Haya, mwanangu. Leo wewe ndiye fundi."

"Na wewe je, Bibi?"

"Mimi nakwenda kuketi jikoni. Nikibaki hapa nitakunyang'anya."

Nilimvika Gondel kimya kimya. Kila kunjo lilinyooka, na hata mama yake alisifu. Tulipofika kanisani, ukaanza wimbo wa kwanza, Gondel akavuta pumzi aimbe, na pumzi haikupata nafasi. Akawa mweupe kama chokaa. Mama yake alimtoa nje na kuzing'oa pini kwa haraka, na shali ya bibi yake Gondel ikachanika begani. Watu walisema ni joto. Mchungaji, halikuwa joto. Nilikuwa mimi.

Baadaye Bibi Keike aliniuliza, "Ulimwambia nini wakati unamvika?"

"Nilimwambia asitikisike."

"Basi ulivika sanamu. Msichana akicheka ndipo kifua kinapoonyesha upana wake, na hapo ndipo unapochomeka. Ulifikiri ninapenda habari za vitunguu?"

Ndugu zangu, tangu siku ile nina hofu, na hofu yangu haimhusu Gondel peke yake. Tarehe ishirini na nane Agosti napanda feri kwenda bara, mjini Flensburg, kusomea uuguzi kwa miaka mitatu. Kila nikienda kununua mkate naulizwa kama ni kweli. Kaka Rörd Braren wa pale ferini aliniambia, "Wewe ukiondoka, wasichana tutawavika magunia ya viazi?" Tulicheka wote wawili. Kisha akanitazama, akarudi kufunga kamba za feri.

Wengine wananiambia, usihangaike, ipo video ya Bibi akivika. Nimeitazama. Mikono inaonekana vizuri sana, lakini sauti yake wameifunika kwa muziki. Mtu akijifunza kwa video ile atafanya kosa lile lile nililofanya mimi.

Ndugu Mwenyekiti, uliniomba nitangaze leo kwamba nachukua nafasi ya Bibi Keike. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi na kuifuta. Nisamehe, siwezi kuisema. Nataka kwenda kusoma, na naogopa kwenda. Naogopa nitarudi siku ya kipaimara kingine nikute mavazi yamekunjwa vizuri makabatini, mapambo yanang'aa, na wasichana wamevaa suruali kwa sababu hakuna aliyejua pa kuanzia. Je, tutamlaumu nani siku hiyo? Yeye aliyechoka, mimi niliyeondoka, au sisi sote tulioona kwamba yupo mmoja tu tukaendelea kunywa chai?

Bibi Keike, umetuvika bila kutuaibisha, na siri za kila nyumba ulizitumia kupimia vifua tu. Tunakushukuru.

Zimebaki Jumanne saba kabla ya feri yangu. Bibi amekubali tukutane sebuleni kwake kila Jumanne saa kumi. Anasema vidole vimestaafu lakini ulimi bado uko kazini. Nahitaji watu wanne wa kujifunza kuvika, wake kwa waume. Nilimuuliza kama Kaka Rörd anaweza kuja, maana vidole vyake vinazijua kamba. Akanijibu, "Aje. Ila kwanza aoge dizeli imtoke."

Asanteni kwa kunitegea masikio. Karatasi yangu imekwisha, lakini sitaketi. Nitabaki nimesimama hapa mbele yenu mpaka watu wanne wasimame nami.