Mpika Chai wa Kabeza: Annick Uwineza, 1999–2025

Annick Uwineza alizaliwa Bujumbura tarehe 3 Machi 1999, kitinda mimba wa marehemu Cyriaque na Mama Épiphanie. Alizaliwa na ulemavu wa akili na tundu kwenye moyo. Daktari aliwaambia wazazi wasitegemee afike miaka kumi. Baba alimshukuru daktari, akambeba mtoto wake, na Jumapili iliyofuata akambatizisha.

Alichelewa kusoma kwa sababu Bujumbura hatukupata shule ya kumpokea. Familia ilipohamia Kigali mwaka 2015, alipata nafasi katika shule moja ya elimu maalumu huko Gikondo. Alijifunza kuandika jina lake, kupanda basi peke yake mpaka nyumbani kwetu Kabeza, na kumkemea dereva aliyempitisha kituo.

Kazi aliianzia nyumbani. Mama anauza chai na mandazi mlangoni, na tangu mwaka 2018 chai hiyo ilipikwa na Annick. Saa kumi na moja alfajiri aliwasha jiko la makaa, akaponda tangawizi, akapika lita kumi. Hakuruhusu mtu mwingine aguse sufuria. Siku moja Kubwimana, dereva wa pikipiki, alimtania kwamba chai haina sukari. Annick alimnyang'anya kikombe, akaonja, akamrudishia. "Sukari iko. Ulimi wako ndio umelala."

Shuleni, wanafunzi waliofikisha umri walipimwa kila Novemba kama wako tayari kwa maisha ya utu uzima. Aliyefaulu alipelekwa kufanya kazi katika kantini moja ya Niboye. Annick aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alishonewa aproni ya bluu, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Mara tatu, mwaka 2022, 2023 na 2024, alirudishwa kukaa darasani na watoto wa miaka kumi na minne. Kila mara dada yake mkubwa, Joselyne, alipotoka shuleni na matokeo, Annick alimngoja getini.

"Wameandika nimekua?"

"Bado kidogo, mdogo wangu."

Joselyne ndiye anayewasomea wasifu huu. Amesoma chuo, lakini miaka yote mitatu alisoma ukurasa wa mwisho tu wa fomu ya matokeo, akatia saini. Ukurasa wa tatu aliusoma Agosti mwaka huu, alipokwenda shuleni kuchukua barua iliyotakiwa hospitalini. Uliandikwa hivi katika fomu zote tatu, kwa maneno yaleyale: "Hawezi kuandaa chai bila msaada."

Walimpima kwa birika la umeme. Nyumbani kwetu birika hilo halipo. Annick alilizunguka, akauliza makaa yako wapi, na mpimaji akaandika hawezi. Hakuna aliyefika Kabeza kuona anaamka kufanya nini. Mwalimu mkuu alipoulizwa, alijibu, "Dada, fomu ni moja kwa wote." Fomu ni moja, lakini majiko ya Kigali si mamoja. Walimu wako hapa leo. Tunawaomba wasikie kabla hawajampima mtoto wa mtu mwingine Novemba hii. Na aliyetia saini bila kusoma asijifiche nyuma ya walimu.

Hakuolewa. Alimpenda Cyusa, mwanafunzi mwenzake, akampelekea chupa ya chai kila Ijumaa. Chupa ilirudi tupu. Sisi wa nyumbani hatukuwahi kumwuliza kama angependa kuwa na nyumba yake. Fomu pia haikuuliza.

Moyo ulianza kushindwa Juni 2025. Alilazwa mara mbili. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Septemba, muda mfupi baada ya kumwambia muuguzi kwamba chai ya hospitali ni maji.

Ameacha mama yake Épiphanie, dada yake Joselyne, kaka yake Mutsinzi, rafiki yake Cyusa, na madereva wa Kabeza, ambao tangu Juni wanakunywa chai ya mama bila kuitania. Anazikwa na aproni yake, ambayo hakuwahi kuivaa kazini.

Shule ilituomba tuandike kwamba marehemu alikuwa akijiandaa kwa utu uzima. Hatukuandika hivyo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na watu walikunywa kazi ya mikono yake kila asubuhi. Ulikuwa umekua, Annick. Safari hii tumeandika.

Apumzike kwa amani, na asipimwe tena.