Jiwe la Kalengera: Tunamkumbuka Muzee Ridhwani, Shofere wa Majengo

Wasikilizaji wapendwa, mupunguze kidogo moto chini ya sufuria, mukae karibu. Leo tunamkumbuka shofere.

Jina lake ni Ridhwani Jumaine, wa hapa Majengo. Amefariki Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Miaka ishirini na minane alikuwa kwenye usukani. Goma hadi Butembo, Butembo hadi Beni, mara nyingine hadi Kisangani, kamio yake ya bluu imejaa chumvi na simenti. Alilala ndani ya kamio. Alipika chini ya kamio. Watoto wake watatu walizaliwa yeye akiwa njiani.

Mjane wake, Mama Umi, aliniambia: "Wa tatu alimukuta tayari na meno mawili. Akamuangalia, akaniuliza: huyu ananicheka, ao anataka kuniuma?"

Sasa munisikilize vizuri. Kamio ikiharibika kwenye kilima, shofere anaweka jiwe nyuma ya tairi ili isirudi nyuma. Ikitengenezwa, anawasha, anaondoka. Na jiwe? Mara nyingi linabaki katikati ya barabara. Kamio yenye mzigo ikishaanza kupanda, nani atasimama tena kwa ajili ya jiwe?

Miaka kumi na sita iliyopita, Muzee Ridhwani aliacha jiwe. Kilima cha karibu na Kalengera, mvua inanyesha. Asubuhi yake, ndani ya ukungu, motari wa kijiji alikuja na pikipiki yake akaligonga. Jean de Dieu, kijana wa miaka ishirini na miwili. Mguu ulivunjika mahali pawili. Hadi leo anachechemea.

Hakuna aliyemuona Muzee akiliacha lile jiwe. Angeweza kunyamaza. Siku nne baadaye, akirudi kutoka Butembo, akasikia habari pale mashofere wanapokulia. Wenzake wakamwambia: "Pita tu, muzee. Watakuchoma wewe na kamio." Yeye akasimamisha gari Kalengera, akauliza nyumba, akaenda kwa miguu.

Mama wa Jean de Dieu anaitwa Nyiransengimana. Anakumbuka hivi: "Nilikuwa na jembe mukononi. Akasema, mama, lile jiwe ni langu, niliacha mimi. Nikaangalia jembe, nikamuangalia yeye. Hakukimbia."

Mguu ulikuwa umefungwa vijiti tu. Muzee akampandisha kijana kwenye kamio, akamleta hospitali hapa Goma. Njiani Jean de Dieu akamuomba kitu kimoja: "Muzee, usipite tena jiwe kwenye barabara. Lako ao la wengine."

Muzee akakubali. Na wasikilizaji wapendwa, alishika neno lake miaka kumi na sita. Kila jiwe aliloliona barabarani, alisimama, akashuka, akalitoa. Wenzake wakampa jina Papa Mawe, wakawa wanamtania kama mutu anayekusanya mawe ya kujenga.

"Papa Mawe, hiyo nyumba unayojenga itaisha lini?"

"Itaisha, na nitakualika. Ila wewe, vile unaendeshaka, sijui kama utafika."

Miguu ya Muzee ilipoanza kuvimba kwa ajili ya figo, binti yake Asumini akawa anasafiri naye. Asumini ana permi yake ya kuendesha, na ana mikono ya baba yake. Safari ya mwisho walifika Munigi, Majengo ni karibu tu. Mvua. Jiwe barabarani.

"Nikamuambia, Papa, tumeshafika, tuache hili moja," anasema Asumini. "Akazima moteri, akafungua mulango, akaanza kushuka na ile miguu. Nikaruka mbio, nikalitoa mimi. Kurudi, nimelowa yote, nikakuta amesogea kwenye kiti changu. Akasema tu: endesha."

Asumini akaendesha hadi Majengo. Muzee hakukaa tena kwenye ile kamio.

Baada ya maziko, baba wadogo walikaa kwenye mkeka wakataka kamio iuzwe. Mwanamke kwenye barabara ile, peke yake? Asumini akawaambia: "Kamio haiuzwi. Mimi njo nitaendesha." Hawakumsikiliza.

Hapo wakaingia wageni kutoka Kalengera. Nyiransengimana, na sufuria ya maharagi. Jean de Dieu nyuma yake, akichechemea. Mama wa Jean de Dieu akaeleza kwamba lile jiwe la kilimani aliliviringisha hadi kwake, akalifanya figa la jikoni. "Lilivunja mutoto wangu. Nikasema, basi litumike. Maharagi hii imeivia juu yake."

Jean de Dieu alibaki amesimama. Akawauliza baba wadogo: "Mukiuza kamio, ile ahadi ya mawe nitamudai nani?"

Mkubwa wao akachukua ufunguo, akausukuma juu ya mkeka hadi kwa Asumini. Kisha wakala.

Mama Umi, Asumini, na ndugu wote wa Majengo, poleni. Mungu amrehemu Muzee Ridhwani, na awape nguvu.

Na sisi tuliobaki, kila mmoja ajiulize: nyuma yangu nimeacha nini barabarani, na nani atakuja kukigonga? Kama unakijua, rudi. Kama ni cha mwingine, inama, ukitoe.

Asumini anaondoka Jumatatu asubuhi, njia ya Butembo. Musimuachie mawe.