Historia ya Marehemu Ukucha, Samaki wa Dimbwi la Mawe

Majirani mliofika hapa nyuma ya jiko, marehemu Ukucha, samaki ambaye hakuwahi kuzidi kidole cha mwisho cha binti yetu aliyempa jina hilo, alizaliwa chini ya gamba la chaza, katika dimbwi la mawe linalobaki na maji bahari ikikupwa, tarehe haijulikani, kwa kuwa mama yake alitaga akaenda zake, na baba ndiye aliyelinda mayai akiyapepea kwa mapezi mpaka yakaanguliwa, jambo ambalo kina baba waliopo wanaombwa walitafakari.

Elimu aliipata maji yalipojaa, akiogelea juu ya mawe na kukariri kila dimbwi, ili yakikupwa aruke kutoka moja hadi jingine bila kuangukia pakavu, na hakuwahi kurudia darasa, kwani shule ile anayefeli huliwa na ndege.

Kazini alikamata vijidudu vya majini, na wimbi lilipokuja alijibandika jiweni kwa mapezi ya tumboni yaliyoungana kama kikombe. Alioa wake kadhaa, kila mmoja akamwachia mayai ya kulea, wala hakunung'unika.

Jumapili, tarehe 3 Machi, binti yetu alimleta nyumbani ndani ya chupa ya jamu yenye maji ya bahari, akawekwa dirishani, na fundi cherehani wa jirani akawa anamletea maji mapya kila alipotoka kuogelea.

Jumamosi, tarehe 9, Bibi aliona maji yamechafuka, akasema, "Mgeni hapewi tope," akambadilishia kwa maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa safi, na kumbe kiumbe wa maji ya chumvi hayawezi maji matamu, akafariki kabla ya chai. Familia inaomba ieleweke kwamba marehemu hakuuawa, alikirimiwa.

Tangu hapo binti yetu alilala akimpa Bibi mgongo, na Bibi, anayelala naye kitanda kimoja, hakugusa chakula. Leo asubuhi binti alipoulizwa nani abebe jeneza, aliukoroga uji wake mpaka ukapoa, kisha akasema, "Bibi abebe. Lakini asimwoshe!" Bibi akacheka huku machozi yakimtoka, akanywa uji wake, akaomba bakuli la pili.

Tunamshukuru fundi cherehani, na mwenye duka aliyemwaga njiti zake ili kiberiti kitupu kiwe jeneza.

Pumzika kwa amani, Ukucha, waliokupenda wameshapatana.