Injini Inanguruma, Gari Halipandi

Kwa Apa Sonun, mama muuza chai wa pale chini ya mlima ambapo madereva wote hunywa chai kabla ya kupanda, kuna benchi moja limeegemea ukuta wa jiko kwa ajili ya joto, na benchi hilo lina wenyewe: Karbureta, aliyeendesha matrekta ya shamba la serikali mpaka shamba likafa, Profesa, ambaye hajawahi kufundisha mtu ila kila jambo analijua, na Dubu, mcheza mieleka mstaafu, mabega kama mlango. Siku hiyo mimi nilisimama pembeni yao, mwanangu Bektur nimemfunga kifuani ndani ya koti, anapumua kwa filimbi, kila pumzi naisikia, mganga wa zahanati yetu kasema mpeleke mjini leo leo, na theluji inashuka, wakishafunga njia ya juu basi tena. Na gari la shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, limetushinda kwenye kilima cha kwanza tu! Linanguruma kama linataka kuruka, mwendo hakuna, tukarudi kinyumenyume mpaka hapo, na shemeji badala ya kuliangalia akapokea bakuli la chai.

— Petroli chafu hiyo, alisema Karbureta. Umejaza wapi?

— Pale pale siku zote, kaka.

— Basi ndiyo maana.

— Petroli ingekuwa chafu, injini ingekohoa, Profesa akadakia. Hii inaimba. Shida ni hewa. Huku juu hewa nyepesi mno, magurudumu hayana cha kushika.

— Kumbe magurudumu yanashika hewa? Dubu akauliza.

— Wewe kunywa chai, mambo haya yatakuumiza kichwa.

— Trekta langu liliwahi kufanya hivi hivi, Karbureta akasema. Nikaliacha lilale. Kesho yake likaenda lenyewe, sikuligusa hata msumari.

Kesho yake! Nikamtazama shemeji, nikategemea atasema mtoto hawezi kungoja kesho, yeye akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa jambo la maana.

— Ni kijicho, Dubu akasema. Umelipaka rangi mpya, bwana, kijiji kizima kimeliona. Lifukize moshi wa matawi ya mreteni, lizunguke pande zote.

— Kijicho kinasukuma gari kurudi nyuma? Profesa akacheka. Sikilizeni niwaambie. Mlima huu una chuma tumboni. Ni sumaku. Baridi ikizidi, sumaku inazidi, inavuta kila kitu chini.

— Mbona kondoo wangu wanapanda?

— Kondoo ana chuma wapi, we Dubu!

Wakacheka wote, buli likazunguka, shemeji akaongezewa. Kwetu mke hataji hata majina ya wakubwa wa mumewe, wala hapazi sauti mbele yao, na tangu nimeolewa nimekuwa nikinong'ona, hata chumvi naiomba kwa kunong'ona. Lakini Bektur akakohoa, kikohozi kikavu kisicho na nguvu, kisha filimbi ikanyamaza kidogo, nikasikia moyo wangu mwenyewe mpaka iliporudi. Nikatoka pale pembeni nikasimama mbele yao.

— Samahanini wazee wangu. Nani kati yenu amefungua boneti?

Dubu akamtazama Profesa, Profesa akamtazama Karbureta, Karbureta akaangalia theluji. Shemeji alikuwa anasoma kitu ndani ya bakuli lake.

— Tulikuwa bado kwenye nadharia, Profesa akasema.

— Njia nzima kulikuwa na harufu ya nywele zinazoungua, nikasema, maneno yanagongana, nilisema ndani ya gari hakuna aliyesikia, nywele zinazoungua na kitu kingine kichungu, tafadhali, fungueni tu, muone!

Wakafungua. Asubuhi shemeji alikuwa ameifunika injini kwa blanketi la sufu ili isigande, kama kila mtu afanyavyo baridi ikianza, ila lake lilikuwa kubwa na hakulifunga. Pembe moja ilikuwa imeporomoka chini, nyeusi, inafuka.

— Huyo hapo! Karbureta akapiga kelele. Ona, limejikunja nyuma ya mkono wa klachi, limeuzuia usirudi. Ni kama umekanyaga klachi nusu safari nzima! Injini inazunguka, nguvu haifiki magurudumuni.

Akalichomoa kwa koleo, vipande vipande. Kisha akamwambia shemeji avute breki ya mkono, aweke gia ya nne, aachie klachi polepole. Gari likashtuka mara moja, likazima.

— Limekufa! nikalia.

— Ndivyo tunavyotaka, binti. Klachi ingekuwa bado inateleza, injini ingenguruma tu hapo hapo. Imezima kwa sababu klachi imeshika. Imeungua kidogo, lakini mtafika. Na wewe bwana, mguu usiupumzishe kwenye klachi.

— Mimi nilisema tangu mwanzo nguvu haifiki magurudumuni, Profesa akasema.

— Wewe ulisema sumaku!

Wakarudi kwenye benchi kuamua nani alisema nini, na shemeji naye, Mungu anisamehe, akakaa. Bakuli moja tu, alisema, la kuaga. Nikalichukua buli mbele ya macho yao, nikalimimina lote kwenye theluji mpaka majani.

— Chai imekwisha, nikasema, na sauti ikafika mpaka jikoni kwa Apa Sonun.

Shemeji akainuka.

Tulipanda kwa gia ya pili, theluji inapiga kioo, mimi nahesabu pumzi za Bektur, zinapungua urefu. Kule juu mtu wa kizuizi alikuwa ameshika mnyororo, anauvuta kuelekea upande wa pili wa barabara.

— Kanyaga, nikasema.

Shemeji akakanyaga, na gari likaongeza mwendo.