Bi Vidole Alipopeleka Mguu Wake kwa Daktari

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Vidole, mchuaji wa miguu. Miaka arobaini alichua vifundo vilivyoteguka. Wacheza mpira, wabeba mizigo, akina mama waliokanyaga vibaya, wote walipita mikononi mwake. Akichua, anaimba. Ukilia, anaimba zaidi.

Kisha akateleza yeye. Ni ngazi tatu tu za mlangoni kwake. Mguu wa kulia ukapinda, naye akajichua. Wiki ya kwanza akajichua, ya pili akajichua, kifundo kikavimba mpaka kiatu kikamkataa.

"Mama, twende kwa daktari bingwa," bintiye alimsihi.

"Nikaseme nini? Kwamba fundi kashindwa na kazi yake? Watanicheka mpaka wachoke."

"Si watachoka? Twende."

Alikwenda kajifunika mtandio usoni. Haukumsaidia kitu. Mbeba mizigo mmoja akamtambua: "Bi Vidole! Umekuja kuwachua madaktari?" Benchi zima la wagonjwa hospitalini likaangua kicheko. Lakini huyo huyo akaondoka kwenye nafasi yake, akauinua ule mguu taratibu, akauegemeza juu ya begi lake.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika. Kuchua kulikuwa kumeusogeza. Daktari hakumsuta. Alichuchumaa mbele yake akasema, "Mama, hata mimi bila picha ningekosea."

Akafanyiwa upasuaji. Akatembelea magongo miezi mitatu.

"Siku ile ya picha alilia," bintiye anatusimulia. "Si maumivu. Aliniuliza, mwanangu, ni wangapi niliowachua na mfupa umevunjika?"

Hilo swali, wasikilizaji wapendwa, hakulilalia. Na magongo yake alipita nyumba kwa nyumba, akiwatafuta waliobaki wakichechemea. "Nilikukosea," aliwaambia. "Vaa viatu, tunakwenda wote." Fundi seremala mmoja alimfokea akamfungia mlango. Bi Vidole akaketi kizingitini, akaimba. Wimbo wa pili haukuisha, seremala akatoka na viatu mkononi.

Aliwafikisha kwa bingwa watu kumi na mmoja. Kumi na mmoja. Wanane walipona, wakatembea sawasawa.

Kuchua hakuacha, ila alibadili utaratibu. "Simama. Tembea hatua nne. Huwezi? Basi sikugusi, nenda ukapigwe picha. Nikikubonyeza kwenye mfupa nawe ukaruka kwa maumivu, pia nenda." Na watu walikwenda, kwa kuwa aliyewatuma ni yeye.

Juma lililopita, akiwa na miaka themanini na miwili, alipumzika. Gari la kubeba jeneza lilikuwepo, lakini halikuhitajika. Wale wanane walilichukua jeneza begani, seremala mbele, wakaenda kwa miguu hadi makaburini.

Kwa bintiye, wajukuu na wote aliowashika: poleni sana. Mmepoteza mikono ya upole.

Na wewe unayechechemea tangu mwezi jana, ukisema kifundo kitapoa chenyewe, jiulize unamwogopa nani. Kesho vaa viatu, uende.