Sisi Sote Tunakaa kwa Mama Pasi

Mheshimiwa Meneja Mkuu wa hoteli hii, Bwana Afisa Utumishi, wakuu wa idara mlioketi mbele, wageni waalikwa mlioacha shughuli zenu mkaja, wenzangu wa jikoni, wa vyumbani na wa ulinzi, na nyinyi wa kufulia mliokaa nyuma karibu na mlango kana kwamba mtaitwa kazini wakati wowote: nawasalimu nyote. Na wewe, Mama Pasi, uliyevaa leo gauni ambalo kwa mara ya kwanza hukulipiga pasi mwenyewe, shikamoo Mama.

Nimechaguliwa kusema kwa niaba ya idara ya kufulia. Nilipouliza kwa nini mimi, na wapo walionizidi kwa umri na kwa kazi, wakaniambia, "Bibi harusi, wewe siku hizi unacheka hata na taulo. Nenda ukamchekee na Meneja." Ni kweli, nimeolewa majuzi tu. Neno "mume wangu" bado ni jipya mdomoni mwangu, nalisema hata pasipohitajika, dukani, bombani, kwa watu nisiowajua. Mtanisamehe nikilitaja mara nyingi. Siwezi kumuaga Mama Pasi bila kulitaja, na mtaona sababu.

Mama Pasi amesimama kwenye meza ya pasi tangu hoteli hii ikiwa na jengo moja. Amesimama akiwa mzima na akiwa mgonjwa, amesimama na mimba, na wiki aliyofiwa na mumewe alirudi akasimama. Wageni wetu wamelala juu ya kazi yake, wengine wakiwa katika fungate, wakapendana juu ya mashuka aliyoyanyoosha mtu ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vinakataa kuingia. Hayo wameyasema waliotangulia, nami nayarudia kwa heshima. Lakini sisi wa kufulia tunamjua Mama Pasi kwa jambo jingine, ambalo ofisi imelijua mwezi huu tu.

Wageni waalikwa, huenda hamfahamu mtu anavyoipata kazi hapa. Unafika kwenye dirisha la ofisi, unaulizwa unakaa wapi. Ukisema unakaa bondeni, kule nyuma ya reli kwenye vibanda vya mabati visivyo na namba, unajibiwa kwa upole kabisa, "Sawa dada, tutakuita." Sijakutana na mtu aliyewahi kuitwa. Na angeitwaje, ikiwa hakuna mtaa unaotambulika wala mlango unaohesabika? Inasemwa kwamba watu wa bondeni tuna mikono mirefu, na kwamba saa ya mgeni ikipotea hakuna atakayejua pa kutufuata.

Basi Mama Pasi, ambaye nyumba yake ya kupanga ina namba ukutani na kengele mlangoni, alikuwa anamwambia kila kijana wa bondeni aliyemwona anazungukazunguka nje ya geti: "Sema unakaa kwangu." Hakuomba kitu. Alitaka jambo moja tu, uijue nyumba unayokaa, usije ukamwaibisha. Alikuwa anatukaririsha kama watoto wa madrasa au wa kipaimara:

"Mlango rangi gani?"

"Kijani, Mama."

"Kengele?"

"Haifanyi kazi, Mama, inabidi kugonga."

"Na jirani?"

"Ana mbwa, Mama, anabweka lakini hang'ati."

"Muongo wewe, anang'ata! Nenda, umepata kazi."

Ndiyo maana kule kufulia ukimuuliza mtu anakaa wapi, akikujibu "kwa Mama", unanyamaza. Umeshaelewa. Hata mwaka ule Mama alipopaka mlango wake rangi ya kahawia, sisi wote tuliendelea kuuita wa kijani, kwa sababu wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuuona.

Jambo hilo lilimuuma. Jumapili moja akatualika wote. Akasimama mlangoni kwake akasema, "Karibuni kwenu. Sasa muone mnapokaa." Tukaingia kwa aibu, tumevua viatu, tumejibana ukutani. Na hapo, Mheshimiwa, ndipo nilipomwona mume wangu. Alikuwa kijana wa mashine za kukamulia nguo, nilikuwa naisikia tu sauti yake ng'ambo ya mvuke. Alikuwa amesimama jikoni kwa Mama, anafungua bomba, anafunga, anafungua tena, anatazama maji yanavyotoka ndani ya nyumba. Akageuka akanikuta namwangalia. Badala ya kuona haya akasema, "Dada, tunakaa pazuri, au siyo?"

Nilicheka hadi machozi, na moyo wangu sijarudishiwa mpaka leo.

Kwa ofisi, sisi wawili tulikuwa watoto wa nyumba moja. Bwana Afisa alikuwa ananiambia, "Mwambie kaka yako kesho awahi." Nami nilikuwa namfikishia: "Kaka, uwahi kesho." Naye anajibu, "Nitawahi, dada yangu kipenzi," huku ananikonyeza. Aliniposa kwenye kamba za kuanikia, kati ya mashuka mawili, kwa sauti ya chini, maana katika jengo hili watu wangeshangaa kaka anamposa dada yake. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Siku ile upepo ulikuwa unapuliza yale mashuka, na mimi nikajiona nimeshavaa nguo yangu ya harusi.

Kisha nikaenda kuomba ruhusa ya kuolewa.

Bwana Afisa alifurahi sana, nakumbuka. Akauliza, "Mwenye bahati ni nani?" Nikamtaja. Akatua kalamu. "Si kaka yako yule?" Sasa hebu niambieni, wageni waalikwa, mtu ajibu nini hapo? Akubali kwamba anaolewa na kaka yake, au akubali kwamba hana nyumba? Nilichagua aibu iliyo ndogo, nikasema tunakaa bondeni. Wala sijui kama ndiyo ilikuwa ndogo, kwa sababu dada mwenye kuolewa na kaka yake angeshangaza watu, lakini mtu wa bondeni aliyeshika mashuka ya wageni aliwatisha.

Bwana Afisa, sikusemi kwa ubaya, upo hapa na unajua nisemavyo ndivyo. Ulituita wote wawili. Ulisema hoteli haiwezi kuvumilia uongo wa watu wawili, lakini kwa kuwa sisi ni wachapakazi, mmoja anaweza kubaki. Ukasema, "Nendeni nyumbani mkaamue wenyewe nani."

Hiyo ndiyo zawadi tuliyoingia nayo katika ndoa. Wengine siku zao za kwanza huzitumia kupakatana. Sisi tulikaa kitandani mchana kweupe, nguo za harusi zimetundikwa msumarini, tunapangiana nani kati yetu atakula jasho la mwenzake. Mimi nilisema, "Baki wewe, wewe ni mwanamume, utaonekanaje?" Yeye akasema, "Mke wangu, mimi nitabeba mizigo sokoni. Huko hawaulizi unakaa wapi, wanauliza unaweza kilo ngapi." Akanishika mkono akaubusu. Asubuhi yake nikaja kazini peke yangu, nikapita pale kwenye mashine za kukamulia, na sauti ng'ambo ya mvuke haikuwa yake.

Nampenda. Nampenda hata mnaniona nasema haya huku natabasamu, lakini anarudi jioni bega limechubuka, nami namkanda kwa maji niliyochota mbali, na hatutaji hoteli.

Sasa Mama Pasi anastaafu. Anahamia kwa binti yake, na mwisho wa mwezi anarudisha nyumba kwa mwenyewe. Tumeambiwa baada ya hapo kila mfanyakazi ataulizwa upya anakaa wapi. Mheshimiwa Meneja Mkuu, ulipokuwa unasema leo kwamba hoteli hii ni familia moja, nilikuwa nawatazama wenzangu walioko nyuma. Sitawaomba wasimame. Wana watoto. Nakuomba tu uangalie mwenyewe ni wangapi wanatazama viatu vyao, kisha ukumbuke kwamba jana ulilalia shuka safi, na hakuna kilichopotea.

Kuhusu zawadi. Mama, tumekaa tukajiuliza mtu aliyesimama maisha yake yote anapewa nini. Tukakununulia kiti. Ni kiti cha mbao, chenye mikono na mto, cha kukalia na kuegemea. Kilikuwa kwa seremala mpaka leo, na aliyekwenda kukichukua ni mume wangu. Amekibeba kichwani kutoka kule hadi hapa. Kabla sijapanda jukwaani nilikwenda getini, nikamkuta anabishana na mlinzi.

"Kiti kiingie," mlinzi anasema, "wewe hapana. Nimekatazwa."

"Kaka, mimi na kiti tumekuja pamoja."

"Usinitafutie makubwa, bwana. Na mimi nakaa kwa Mama."

Basi kiti kiko kule. Mume wangu amesimama kando yake juani. Hakikalii, kwa sababu si chake.

Mheshimiwa, simlaumu mlinzi, anasubiri neno lako, nawe unaweza kulisema bila hata kuinuka. Ukilisema, mume wangu ataingia kwa mlango ule, atakiweka kiti hapa mbele, na Mama yetu ataketi. Usipolisema, mimi nitashuka, nitamshika Mama mkono, tutatoka hadi barabarani, akakae kwenye kiti chake huko, na anayetaka kumuaga atamfuata kwa miguu yake.

Mama, usiinuke kwanza. Tumngoje Mheshimiwa.

Mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu, na mimi sikuwa na kingine cha kuwaomba. Asanteni sana.